Miti Mikongwe ya Uani: Umiliki, Matunzo na Ukataji katika Makazi ya Mwambao

Utangulizi

Mtu anayetaka kuisoma historia ya miji ya Waswahili huanza, kwa kawaida, na mawe: misikiti, makaburi ya nguzo, milango ya nakshi na kuta za matumbawe. Mawe hayo yamechimbuliwa, yamepimwa na kuandikiwa vitabu. Miti iliyoyatia kivuli haikubahatika vivyo hivyo. Hata hivyo, wenyeji wenyewe waliita mitaa yao kwa majina ya miti mara nyingi. Mombasa kuna Mwembe Tayari. Unguja kuna Mkunazini, Miembeni, Michenzani na Mnazi Mmoja. Dar es Salaam kuna Mikocheni, Mwembechai na Mnazi Mmoja nyingine. Jina la Mikindani, lililoko Mtwara na Mombasa pia, huelezwa kuwa limetokana na mikinda, yaani minazi michanga isiyoanza kuzaa. Aghalabu mti uliotoa jina hauonekani tena. Limebaki jina, kama kisiki.

Mhadhara huu unajadili historia ya miti mikongwe iliyomo katika nyua na viunga vya nyumba za mwambao: namna ilivyomilikiwa, ilivyotunzwa, na ilivyokatwa ulipofika wakati wa kukatwa. Hoja inayoshikiliwa ni kwamba ukataji wa mti mkubwa karibu na nyumba haukuwa, katika mila za mwambao, jambo la mtu mmoja. Mti ulikuwa mali yenye wenyewe, na wenyewe hao mara nyingi walikuwa wengi. Katika karne ya ishirini mti ulipoteza hadhi hiyo ya kisheria, ukawa sehemu ya kiwanja. Mabadiliko hayo, zaidi ya shoka au msumeno wa mashine, ndiyo yanayoeleza kwa nini miti mikongwe inatoweka haraka katika miji ya pwani.

Miti iliyokaa na watu

Ushahidi wa kale unaonyesha kuwa miji ya mwambao ilikuwa na bustani tangu zamani. Ibn Battuta, aliyepita pwani hii mwaka 1331, alitaja kwamba Mogadishu walikula embe na tangawizi za achari pamoja na wali. Mombasa aliona migomba na milimau, na tunda aliloliita jammun, linalofanana na zeituni lakini tamu sana. Maelezo hayo yanaelekea kwenye zambarau. Wareno walipofika Malindi mwaka 1498 waliona nyumba nyeupe zilizozungukwa na minazi. Kwa hiyo miti ya matunda iliyoletwa kutoka ng'ambo ya bahari ilikwishakuwa wenyeji wa miji hii karne nyingi zilizopita.

Lugha yenyewe inathibitisha ukaribu huo. Waswahili wana neno kiunga, lenye maana ya pembezoni mwa mji palipopandwa miti, mahali ambapo si mjini tena na si porini. Matunda ya mnazi yana majina kwa kadiri ya umri: kidaka, kitale, dafu, koroma, na hatimaye nazi. Mti nao huanza ukiwa mche, ukawa mkinda, ukazaa, ukawa mkongwe. Ukianguka huwa gogo, na kinachobaki ardhini ni kisiki. Jamii isiyoishi na mti kwa muda mrefu haihitaji majina yote hayo.

Umri wa miti hiyo hutofautiana, na tofauti hiyo ina maana kwa historia. Mnazi mrefu wa Afrika Mashariki huanza kuzaa baada ya miaka sita hadi minane au zaidi, na huweza kuishi miaka sitini hadi mia moja. Umri huo ni kama wa binadamu. Babu hupanda na mjukuu hukata. Mwembe hupita hapo kwa urahisi. Mbuyu ni wa mamia ya miaka, na pengine uliikuta nyumba au ulishuhudia nyumba kadhaa zikijengwa na kubomoka kando yake. Methali isemayo kuwa mbuyu ulianza kama mchicha huhimiza subira. Kwa mwanahistoria inakumbusha pia kuwa kila mti mkongwe ulikuwa na siku ambayo mtu angeweza kuung'oa kwa vidole viwili na hakufanya hivyo.

Mti kama mali

Jambo linalohitaji kukaziwa ni kwamba, katika sehemu kubwa ya mwambao, mti na ardhi vilihesabiwa kuwa mali mbili. Mtu aliweza kuimiliki minazi iliyosimama katika ardhi ya mwingine. Minazi iliuzwa, iliwekwa rehani, iliwekwa wakfu na kurithiwa pasipo kuigusa ardhi iliyoibeba. David Parkin, katika utafiti wake juu ya Wagiriama uliochapishwa mwaka 1972, ameeleza jinsi mauzo na rehani za minazi zilivyotegemea ushahidi wa wazee. Mzee aliyekumbuka nani alipanda na nani alinunua alikuwa ndiye daftari la mashamba. Unguja nako, neno shamba lilichukua zaidi maana ya miti iliyopandwa kuliko udongo wenyewe.

Chukua mfano wa mirathi. Mwanamume afariki na kuacha minazi ishirini na minne kuzunguka nyumba yake, pamoja na mke, mtoto mmoja wa kiume na mmoja wa kike. Kwa sheria ya Kiislamu mke hupata thumuni, yaani minazi mitatu. Iliyosalia ishirini na mmoja hugawanywa kwa kanuni ya fungu mbili kwa moja: kumi na minne kwa mtoto wa kiume na saba kwa wa kike. Baada ya miaka thelathini ua huo mmoja una wenyewe watatu, au watoto wao. Ikiwa mnazi ulioinamia paa ni mmojawapo wa ile mitatu ya mjane, mtoto wa kiume hawezi kuukata kwa sababu tu analala chini ya paa hilo. Lazima aombe. Naye mjane, akikataa, lazima aeleze, kwani nazi ikimwangukia mtu suala la dhamana litaulizwa kwake.

Kuhusu majirani, dhehebu la Shafi, linalofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao, lina kanuni iliyo wazi. Matawi ya mti yakivuka mpaka na kuingia katika anga ya nyumba ya jirani, jirani ana haki ya kumtaka mwenye mti ayaondoe. Asipofanya hivyo, jirani huweza kuyageuza, na yasipogeuzika huweza kuyakata. Anaruhusiwa kuondoa kilichovuka. Mti wenyewe hauruhusiwi kuguswa. Kanuni hii inatambua hatari na inatambua mali kwa wakati mmoja.

Kutenganishwa kwa mti na ardhi kulikuwa na upande mchungu pia. Kwa kuwa mti wa kudumu ulimpa aliyeupanda dai, wenye ardhi wengi, Unguja na katika pwani ya Kenya, waliwaruhusu wapangaji kujenga vibanda na kulima mihogo lakini wakawakataza kupanda minazi au miembe. Mpangaji aliweza kuishi mahali miaka arobaini bila kuwa na mti hata mmoja wa kumshuhudia. Ndiyo maana mabishano ya ardhi katika mwambao mara nyingi huanza kwa swali lionekanalo dogo: nani aliupanda mwembe ule? Mti mkongwe ni hati, na mwenye kutaka kuifuta hati hiyo anajua la kufanya usiku.

Kimbunga cha mwaka 1872

Mnamo Aprili 1872 kimbunga kikali kilipiga Unguja. Sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya kisiwa hicho iling'olewa au kuvunjwa, na majahazi mengi yaliyokuwa bandarini yakaangamia. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo ikawa kitovu cha karafuu. Wanahistoria wa uchumi wamelieleza tukio hili kwa upande wa biashara: bei, madeni na kazi za watumwa. Kwa mada ya mhadhara huu, lina fundisho jingine. Minazi mingi mikubwa iliyopigwa picha Unguja mwanzoni mwa karne ya ishirini haikuwa ya kale kama ilivyodhaniwa. Ilipandwa baada ya kimbunga, katika kizazi kimoja, na kwa sababu hiyo ikazeeka pamoja.

Hilo ni jambo ambalo wenye nyumba hulisahau. Miti iliyopandwa pamoja hufa pamoja. Shamba au mtaa unaoonekana kuwa na neema ya kivuli leo huenda ukabaki uwanda ndani ya miaka kumi, kama hakuna mche uliopandwa katikati. Vimbunga navyo, ingawa ni nadra katika pwani hii iliyo karibu na ikweta, havikwisha. Lindi ilipigwa Aprili 1952, na Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika pwani ya Tanzania. Mti usiotazamwa kwa miaka hamsini hutazamwa siku hiyo moja.

Ujuzi wa kutunza na ujuzi wa kukata

Matunzo ya mnazi yalikuwa mikononi mwa wakwezi. Mkwezi alipanda na kitanzi cha kamba miguuni na panga kiunoni, akaangua nazi, akaondoa makuti makavu na kusafisha kilele. Hapo juu aliona yale ambayo mwenye nyumba hawezi kuyaona akiwa chini: kuti changa lililotobolewa, ufizi uliooza, panya aliyejenga kiota. Kuangua kulikuwa, kwa hiyo, ukaguzi. Nyumba iliyoacha kumwita mkwezi, kwa kuwa nazi zinapatikana sokoni, iliacha pia kupata habari za mti wake.

Adui mkubwa wa mnazi katika mwambao ni chonga, mdudu mkubwa mweusi anayetoboa kilele. Mnazi una chipukizi moja tu la kukulia. Likiharibika, mti umekufa ingawa shina litasimama miaka kadhaa. Chonga hutaga mayai katika vitu vinavyooza, hasa magogo na visiki vya minazi iliyokufa. Kutokana na hali hiyo, sheria za kilimo za wakati wa ukoloni ziliwataka wenye minazi kuondoa na kuteketeza mizoga ya miti yao. Mtu aliyeukata mnazi mkongwe na kuuacha uoze uani alikuwa anawaua minazi ya jirani. Kukata na kutunza havikuwa vitendo viwili vinavyopingana. Cha kwanza kikifanywa vibaya, cha pili hakina faida. Mafundisho hayo yalienezwa tena Tanzania Bara na mradi wa taifa wa kuendeleza minazi, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1970 na kuwa na kituo chake Mikocheni, na ambao ulikabiliana pia na ugonjwa hatari wa kunyong'onyea kwa minazi.

Ukataji wa mti mrefu katikati ya nyumba ulikuwa na taratibu zake. Mnazi haukuangushwa mzima. Fundi aliondoa makuti kwanza, kisha kilele, kisha shina kipande kwa kipande kutoka juu, kila kipande kikishushwa kwa kamba. Kwa mwembe, tawi zito lilikatwa kwanza upande wa chini, ndipo likakatwa kutoka juu, ili lisichane gome la shina linapoanguka. Mti hauendi ila kwa nyenzo, wahenga walisema, na kila aliyewahi kuliondoa gogo la mwembe katika uchochoro wa Mji Mkongwe anaielewa methali hiyo kwa mabega yake.

Elimu ya miti ya siku hizi imethibitisha baadhi ya mila na kuzisahihisha nyingine. Imethibitisha kwamba tawi bovu liondolewe mapema, na kwamba likatwe nje kidogo ya uvimbe unaoliunganisha na shina, kwani hapo ndipo mti hujifunga jeraha. Imekataa desturi ya kuukata mwembe kichwa chote ili "upumzike". Mti uliofanyiwa hivyo huchipua matawi mengi dhaifu, yaliyoshikwa juujuu, na huwa wa hatari kuliko awali. Imekataa pia kuziba pango la shina kwa saruji, kwa sababu saruji haiyumbi na mti huyumba. Vidato vinavyochongwa katika shina la mnazi ili kurahisisha kupanda hubaki kuwa vidonda maisha yote, kwani mnazi hauna gome la kufunika jeraha.

Mtini ukutani

Kuna mti ambao mwambao haukuupanda na ambao umeleta mjadala mkubwa zaidi kuliko mingine yote. Ndege na popo huangusha mbegu za mitini katika nyufa za kuta za chokaa na matumbawe. Mbegu humea, mizizi hupenya, na baada ya miaka michache ukuta na mti huwa mwili mmoja. James Kirkman alipoanza kazi Gedi mwaka 1948 aliukuta mji mzima umemezwa na msitu. Swali alilokabiliana nalo ndilo wanalokabiliana nalo leo wenye nyumba za Lamu, Mombasa na Unguja: je, mzizi huu unaubomoa ukuta, au ndio unaouzuia usianguke?

Jibu ni kwamba hufanya yote mawili. Mtini ukikatwa bila kuua mizizi, huchipua tena ukiwa na nguvu. Mzizi uking'olewa, hutoka na mawe. Njia iliyo salama ni ya pole pole: kukata shina, kuua mzizi na kuuacha ndani, kisha kujaza nyufa kwa chokaa. Saruji haifai, kwani huifunga unyevu ndani ya matumbawe. Kazi hiyo inahitaji kurudiwa mwaka hadi mwaka, na ndiyo maana nyumba isiyo na mtu huwahi kuwa ya mtini. Gedi iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024, ikiwa na miti yake. Katika Mji Mkongwe wa Unguja, mtini mkubwa ulioko ufukweni mwa bahari, ambao husimuliwa kuwa ulipandwa mwaka 1911, umekuwa alama ya mji sawa na jumba lolote, na chini yake mafundi wa mashua wamefanya kazi miaka mingi.

Ikumbukwe pia kuwa imani ililinda baadhi ya miti pale ambapo sheria haikufika. Mbuyu, mkwaju na mtini zilidhaniwa kuwa makazi ya pepo. Watu walifukiza ubani na kufunga vitambaa, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuinua shoka. Kaya za Wamijikenda, zilizokuwa makazi ya watu kabla ya kuwa misitu mitakatifu, zilihifadhiwa na wazee kwa miiko ya namna hiyo, na baadhi yake zikatambuliwa kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2008.

Mti ndani ya kiwanja

Utawala wa kikoloni ulikuja na fikra nyingine. Katika ukanda wa pwani ya Kenya, sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908 ilitaka kila dai la ardhi lisajiliwe. Unguja, baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, ardhi yote iliwekwa mikononi mwa serikali na wananchi wakagawiwa eka tatu tatu. Tanganyika, ardhi ilikuwa ya umma tangu sheria ya mwaka 1923, na aliyehamishwa alifidiwa kwa kile alichokiongeza juu yake, yaani nyumba na miti. Ni baada ya sheria za ardhi za mwaka 1999 ndipo thamani ya ardhi yenyewe ilipotambuliwa wazi. Katika kipindi chote hicho, Dar es Salaam ilipotanuka kuelekea kwenye mashamba ya minazi, miti ilihesabiwa mmoja mmoja ili ilipwe. Ilihesabiwa kwa mara ya mwisho.

Palipopimwa viwanja, mpaka ukawa ni wa mawe ya saruji, na kila kilichokuwa ndani kikawa cha mwenye hati. Mwembe uliokuwa ukiwapa embe watoto wa nyumba nne ukawa wa nyumba moja. Mwenye hati anapotaka mahali pa gari, pa tangi la maji au pa kuongeza vyumba vya kupangisha, hana mjane wa kumwomba wala mzee wa kumuuliza. Kweli, sheria zipo. Zanzibar, kwa mfano, ina sheria ya misitu ya mwaka 1996 inayodhibiti ukataji. Lakini kibali cha ofisi huuliza kama mti ni wa aina gani. Hakiulizi ni wa nani, na nani alikuwa akikaa chini yake.

Mwaka 2022 jambo hili lilijitokeza kwa sura mpya katika Kaunti ya Kilifi. Mibuyu mikubwa ilinunuliwa kwa wakulima na kuchimbuliwa na mizizi yake ili isafirishwe hadi nchi ya Georgia, kandokando ya Bahari Nyeusi. Novemba mwaka huo Rais William Ruto aliagiza uchunguzi, akitaka ijulikane kama kibali kilikuwa halali na kama Wakenya walipata sehemu yao ya haki kwa mujibu wa Itifaki ya Nagoya. Kwa hati, mwenye shamba alikuwa na mti wake. Kwa mila, mbuyu wa umri ule haukuwahi kuwa wa mtu mmoja. Majadiliano yaliyofuata yalikuwa, kwa lugha ya kisasa, yale yale ya wazee waliokuwa wakishuhudia minazi.

Hitimisho

Haitakuwa busara kudai kwamba kila mti mkongwe ubaki. Mnazi uliokufa kilele ni hatari kwa aliyelala chini yake na ni kizalia cha chonga kwa jirani. Mwembe wenye pango linalofika mizizini hauna budi kupunguzwa, na pengine kuondolewa. Mababu walikata, tena walikata sana. Walichokuwa nacho ni utaratibu uliomlazimisha mkataji aongee na watu kabla hajaongea na shoka: warithi, jirani, mashahidi na fundi.

Utaratibu huo hauwezi kurudishwa kama ulivyokuwa, wala upande wake uliowanyima wapangaji haki ya kupanda hautamaniki. Lakini mambo matatu yanaweza kuchukuliwa. La kwanza, mti ukaguliwe ukiwa hai, kama mkwezi alivyokuwa akiukagua, usingojee upepo. La pili, kabla ya kukatwa ulizwe mtaa mzima unaokaa kivulini mwake, pamoja na mwenye hati. La tatu, mche upandwe miaka kumi kabla ya mkongwe kuondoka, si siku ya pili yake, ili kimbunga au shoka visiache uwanda. Mti mkuu ukianguka, wana wa ndege huyumba. Kuanguka hakuzuiliki, kinachoweza kuandaliwa mapema ni mahali ambapo wana wa ndege watatua.